Boksi la tipu liko mkononi mwangu, Yesu nitamfuata vipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni dada wa miaka 27, kwetu Tanga, nipo Unguja nafanya kazi hotelini upande wa Kiwengwa, na mwaka jana nimepandishwa kuwa supavaiza wa wasafisha vyumba. Nimekulia kanisani na nataka kumfuata Yesu kweli kweli sio kwa jina tu, lakini huku naona siwezi. Jumapili mara nyingi niko shifti na kanisa liko mbali. Nimepanga kijijini kwa mzee Muislamu, majirani wote Waislamu, na rafiki yangu wa kwenye grupu la maombi ananiambia kama sijawahubiria basi namuonea haya Yesu. Alafu kuna hili boksi la tipu, yaani bakshishi za wageni, ufunguo tunashika masupavaiza wawili, mwenzangu anatoa kwanza fungu analoliita la usimamizi kabla ya kugawa, na mimi ananipa. Nishapokea mara kadhaa. Nikikataa ataniona najifanya mlokole. Nitaishije kama Yesu kwenye mazingira haya?

JIBU: Marahaba mwanangu, Amina.

Swali lako nimelisoma likanifurahisha, ila nimeona umelipanga kama wengi wanavyolipanga, Jumapili mbele, kuhubiri katikati, boksi la tipu mwisho tena haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mie naligeuza. Naanza na boksi, maana hapo ndo Injili inakugusa mkononi kabisa, na hayo mengine tutayafikia, mengine wala hayana maneno mengi.

Kwenye kundi la Yesu kulikuwa na mfuko wa pesa. Watu hawalifikirii hili, wanaona kama wale watu walikuwa wanazunguka Galilaya wanaishi kwa hewa. Luka 8:3 inawataja kina mama waliokuwa wakiwahudumia kwa mali zao, Yoana mke wa Kuza wakili wa Herode, Susana, na wengine wengi, na Mariamu Magdalene ametajwa mstari wa juu yake. Kwa hivo pesa iliingia, ikatiwa mfukoni, na mfuko ulikuwa na mshikaji wake, Yuda Iskariote, na Yohana 12:6 inasema bila kumung'unya kwamba alikuwa mwizi, akichukua vilivyotiwa humo. Umeona? Boksi lako limo ndani ya Injili, na mwenzako wa ufunguo pia yumo, na wewe pia umo, sijui umekaa upande gani wa meza.

Sasa fungua sura inayofuata, Yohana 13. Ni usiku wa mwisho, wako chakulani, Yesu anainuka, anavua vazi la juu, anachukua taulo anajifunga kiunoni, anatia maji kwenye beseni, anaanza kuosha miguu ya watu mmoja mmoja na kuipangusa kwa lile taulo alilojifunga. Wewe mataulo unayajua kunishinda, unajua taulo lililopangusa miguu iliyotoka pwani linarudi vipi laundri. Na ile ilikuwa miguu ya watu waliokuwa wakitembea na makubadhi kwenye njia za vumbi na mavi ya punda, na kuiosha ilikuwa kazi ya mtumwa, ndo maana Petro alikuja juu akasema wewe hutaniosha miguu kamwe. Hapo kuna kitu wahubiri wengi wanakiruka. Yuda yupo. Anatoka nje mstari wa 30, na kuosha kumeshaisha mstari wa 12. Maana ake mikono ile ile iliyomuosha Petro ilimshika mwizi wa mfuko kisigino, ikamuosha, ikampangusa katikati ya vidole, na Yesu anajua kila kitu, mstari wa 11 unasema alimjua atakayemsaliti. Alafu akavaa, akakaa, akawaambia nimewapa kielelezo, kama nilivyowatendea nanyi mtende vivyo.

Ukiniuliza kumfuata Yesu ni nini mie nakukalisha kwenye sura hiyo na sikuondoi upesi. Mkubwa anashika kazi ya mdogo, na anaifanya hata kwa aliyemkosea. Hutakiwi kuigiza mavazi yake, wala kuacha kazi uzunguke vijijini, wala kusubiri ufanye miujiza ndo ujione unamfuata. Paulo kwenye Wafilipi 2:5 anasema tuwe na nia ileile ya Kristo, na akiieleza nia yenyewe anasema alikuwa juu akashuka akatwaa namna ya mtumwa. Na yule yule Petro aliyekataa kuoshwa ndo anaandika uzeeni (1 Petro 2:21) kwamba Kristo alituachia kielelezo tufuate nyayo zake, na ukirudi nyuma mistari mitatu utaona anawaandikia watumishi wa majumbani, watu wanaotandika vitanda vya wengine. Sitaki kulificha hili, mistari ile imetumiwa sana na mabwana kuwanyamazisha watu wa chini, na ni matumizi mabaya, kwa sababu aliyewekwa kielelezo pale ni aliyeonewa, hakuna mahali bwana mkali kapewa sifa.

Lakini kuosha miguu ya Yuda hakukuwa kukubaliana naye. Meza ile ile Yesu alisema wazi mmoja wenu atanisaliti, na Yuda mwenyewe Yesu akamwambia usoni unayoyatenda yatende upesi. Hakumtangaza kwa kumtaja jina mbele ya wote, wala hakupokea fungu kutoka kwenye mfuko ili mambo yaende kimya kimya. Wewe sasa hivi unapokea. Nalisema hili kwa upole lakini nalisema.

Basi fanya hivi. Anza na Mathayo 18:15, nenda kwa mwenzako peke yenu. Usimpitie kwa meneja kwanza, usiandike kwenye grupu la kazini la WhatsApp, usimchome kwa maneno ya kuzungusha mbele ya wasichana wa laundri. Mwambie tu, mwenzangu, mie kuanzia mwezi huu sitaki ile ya usimamizi, na naomba boksi tuwe tunalifungua mbele ya watu wote. Usianze kwa mahubiri. Mana ukianza na "mimi nimeokoka" umeshajipandisha juu yake, na Yesu pale alikuwa chini, kapiga magoti na beseni.

Akikubali, wekeni utaratibu, na utaratibu wenyewe ndo ibada yako ya wiki hiyo. Boksi lifunguliwe siku moja inayojulikana, watu wa shifti zote wawepo au wawe na mwakilishi. Wahesabu wawili, na asiwe supavaiza hata mmoja kati yao, wahesabu kwa sauti. Andikeni kwenye daftari, dola ngapi, yuro ngapi, shilingi ngapi, watu watie saini. Na hapa fungua macho, wizi wa tipu mara nyingi haukai kwenye noti, unakaa kwenye kubadilisha, mtu anachukua dola za watu anakwenda kuzibadilisha mjini kwa reti moja anarudi kugawa kwa reti nyengine ya chini, na kila mtu anamshukuru kwa kumsaidia kwenda mjini! Kwa hivo reti iandikwe, na risiti ya duka la fedha ibandikwe kwenye daftari. Mgao ufuate siku ambazo mtu kafanya kazi kwenye rosta. Aliyeumwa mjadili pamoja, msimkate tu. Na wale ambao mgeni hawaoni, yule anayefua, yule wa bustani, yule wa usiku anayelinda, nao wamo au hawamo? Mgeni anaacha noti juu ya mto kwa sababu shuka ni safi, na shuka haikujifua. Mie ningewaingiza. Ukitaka aya ya kusimamia soma Yakobo 5:4, ujira uliozuiliwa unapiga kelele, ndivo anavosema, ujira wenyewe unalia na kilio kinafika mbinguni.

Asipokubali, mstari unaofuata wa Mathayo 18 unakuambia uchukue mtu mmoja au wawili mkazungumze naye tena. Ndo baadae yaende kwa meneja. Na jiandae kidogo, huenda ukapangiwa shifti mbaya, huenda ukaitwa mlokole kama ulivosema, huenda ikasemwa wewe ndo ulikuwa unaiba. Hapo watu watakuletea "geuza shavu la pili" wakitaka unyamaze. Sikiliza, shavu la kugeuza ni shavu lako wewe, sio shavu la yule binti wa laundri. Yesu kwa nafsi yake alivumilia mengi, lakini walipogeuza hekalu kuwa soko la kuwakamua wasafiri alipindua meza. Na hata kwa nafsi yake hakuwa wa kupigwa tu na kuinamisha kichwa, kwenye Yohana 18:23 askari kampiga kofi mbele ya kuhani mkuu naye akamuuliza, kama nimesema vibaya onyesha ubaya wenyewe, na kama nimesema vizuri wanipigia nini? Ni swali la mtu mwenye heshima zake, hakutukana, hakurudisha kofi, na hakukubali kuwa ni haki apigwe. Ukitishiwa kazi yako uliza hivo hivo, kwa maandishi ikibidi, na kama pana chama cha wafanyakazi hapo hotelini waone, hakuna dhambi kutumia haki uliyonayo, Paulo mwenyewe alidai haki zake za uraia wa Kirumi walipotaka kumpiga mijeledi (Matendo 22).

Na wewe uko Zanzibar, mambo haya hapa si nadharia. Siku ukishuka mjini pita Mkunazini ulione lile kanisa kuu la Anglikana, limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliousaini Sultan Barghash, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo, mjenzi wake akiwa Askofu Edward Steere. Wageni wanapiga picha kisha wanakwenda Forodhani, lakini Mkristo anatakiwa pale ajiulize swali la ujira, mana utumwa kwa kifupi ni kazi isiyolipwa kwa mtu asiyeweza kuondoka. Huko Pemba, 1897, mwaka ambao hali ya utumwa ilifutwa kisheria visiwani, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wale wanaoitwa Quakers, walifika wakanunua shamba la mikarafuu Banani, karafuu zikachumwa na watu waliokuwa watumwa ila sasa kwa malipo. Naipenda sana habari hiyo kwa sababu mahubiri yake ni siku ya mshahara.

Na yupo Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924. Huyu 1920 aliandika kuipinga serikali ya kwao Uingereza kwa kuwatumikisha Waafrika kazi za shuruti, na 1923 alipokwenda London kuhutubia mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake, watu waliopenda sana ibada za fahari na ubani na kuabudu Sakramenti, aliwaambia hawawezi kudai wanamwabudu Yesu altareni kama hawamhurumii Yesu kwenye vibanda vya maskini. Akawaambia watoke wakamtafute kwa walio uchi na wanaonyonywa kazini, na wakimuona wajifunge taulo lake wawaoshe miguu. Taulo tena, mwanangu.

Ila nakuomba kitu kimoja, Mkunazini isiwe fimbo ya kuwapigia majirani zako. Nawasikia baadhi ya wenzetu wakifika pale wanatoka na maneno ya "sisi tuliwakomboa, wao waliuza". Wafaransa wenye mashamba ya miwa Mauritius na Réunion walikuwa Wakristo wa kubatizwa na walinunua watu kutoka pwani hii hii yetu. Na wapo wamisheni waliohubiri upendo huku wakiishi na wenyeji kama bwana na boi wake. Historia ile inatuhukumu sote.

Haya, majirani.

Kwanza nikuulize wewe na rafiki yako wa grupu, Yesu kabla ya kuanza kuhubiri alikuwa akifanya nini? Luka 3:23 inasema alipoanza alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Miaka yote ile ya nyuma, ukitoa kuzaliwa kwake, kukimbilia Misri na ile safari ya Yerusalemu alipokuwa na miaka 12, hatuna hata hotuba moja. Alikuwa seremala (Marko 6:3) kwenye kijiji kidogo kabisa, na kilomita kama 6 kutoka hapo Herode Antipa alikuwa akijenga mji wake wa fahari wa Sepphoris, ambao Injili haziutaji hata mara moja. Kijiji cha watu wa kawaida, pembeni majengo ya matajiri. Wewe unayeamka Kiwengwa unapita kwenye nyumba za makuti na kina mama wanaokwenda kwenye mwani mpaka geti la hoteli, unaijua hali hiyo bila kufundishwa. Na sehemu kubwa ya maisha ya Mwana wa Mungu duniani ilipita hivo, kazini na kijijini, na Baba yake alipomwambia nimependezwa nawe siku ya ubatizo, mahubiri yalikuwa hata hayajaanza.

Kwa hivo rafiki yako anakutwisha mzigo ambao Yesu hakukutwisha kwa namna ile. Kushuhudia ni wajibu, sikatai, lakini 1 Petro 3:15 inasema muwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye, tena kwa upole na kwa hofu. Awaulizaye. Maana ake maisha yako yawe yamemfanya mtu aulize. Na usidhani majirani hawamjui unayetaka kuwaambia, Nabii Isa bin Maryamu wanamheshimu, Qurani ina sura nzima yenye jina la mama yake. Tunatofautiana kwenye mambo makubwa, Msalaba, kuwa Mwana wa Mungu, na hayo ukiulizwa jibu kweli bila kuyapunguza, lakini kubishana barazani na mtu ambaye hakukuuliza kunakupa ushindi wa mdomo tu, na kesho yake salamu zinakuwa baridi. Pale wanafunzi walipokataliwa kijiji cha Wasamaria wakataka washushe moto (Luka 9:54) Yesu aliwakemea wao, wanafunzi, alafu wakaenda kijiji chengine. Yameisha.

Kinachonishangaza kila nikisoma Yohana 4 ni kwamba Yesu kwa yule mama Msamaria alianza kwa kuomba. Nipe maji ninywe. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani, na yeye anaomba kunywea chombo cha mtu ambaye wenzake wanamuona najisi, yaani alikubali kuwa mhitaji mbele yake. Sie Wakristo wa visiwani tunapenda kutoa, kupokea kunatushinda. Ramadhani bibi wa mzee wako akikuletea futari, muhogo wa nazi na samaki, pokea kwa mikono miwili, kula, na sahani usiirudishe tupu, tia hata maembe. Ukila mchana kula ndani kwako, kwa kumhurumia aliyefunga, wala usijione umeinyima imani yako kitu. Tena 2025 Kwaresima ilianza Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, nyumba moja watu wawili wamefunga kwa dini mbili, na Mathayo 6 inakutaka wewe ufunge bila kujionyesha, uso umeoshwa, kwa hivo huna haja ya kumwambia mtu "na mie nimefunga".

Mengine ni ya kawaida lakini ndo yanayoangaliwa. Kodi ilipwe siku yake. Deni la dukani ulilipe kabla hujamwambia muuza duka habari za wokovu. Pakitokea msiba nenda, jitande mtandio, kaa na kina mama mkekani, utakuta kazi ya kukosha masufuria ifanye. Unajua wenyewe malalamiko ya wenyeji kuhusu sie tuliotoka bara, makreti ya bia kuingizwa kijijini, muziki usiku wa manane, watoto wa kike wanaopita vichochoroni na nguo za kuogelea, mengine yanatiwa chumvi na mengine ni kweli tupu. Wewe ukiishi kwa kuwastahi, hilo ni jambo la Kiyesu kabisa, Paulo alisema yuko tayari asile nyama milele kuliko kumkwaza ndugu yake (1 Wakorintho 8:13). Na bibi siku akikuuliza mbona wewe uko hivi, basi, ndo umeulizwa.

Jumapili sitaikawiza. Marko 2:27 sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, Mungu hakuandiki mtoro kwa sababu ya rosta. Lakini usijizoeze kukosa, ukiwa na ofu Jumapili panda daladala uende mjini, omba meneja walau moja kwa mwezi, watu wengi wanapewa wakiomba mapema na kwa adabu. Zile zilizobaki tafuteni Wakristo wawili watatu wa hapo hapo hotelini mkutane baada ya shifti, mahali ambapo hamumsumbui mtu, msome Injili moja mfululizo, mie ningeanza na Marko mana ni fupi na inakwenda mbio. Na sala ya kila siku, Marko 1:35 Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu. Wewe unaishi kijiji ambacho adhana ya alfajiri inakuamsha utake usitake, badala ya kujifunika mto inuka nawe usali, utakuwa umepata kengele ya bure kutoka kwa jirani.

Umeandika "naona siwezi". Mie silioni hilo kama tatizo, naliona kama pa kuanzia. Wale kumi na wawili usiku ule ule walioshwa miguu, na kabla hakujakucha mmoja keshauza, mmoja kakana mara tatu, waliobaki wamekimbia. Na ndani ya mazungumzo yale yale Yesu alishawaambia pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lolote (Yohana 15:5). Ndo mana Petro alipokataa kuoshwa aliambiwa nisipokuosha huna shirika nami, anayetaka kuwaosha wenzake na yeye hajakubali kuoshwa atachoka kabla ya mwezi kuisha, au atakuwa mtu wa kujisifu, na walokole wa kujisifu tunao wa kutosha. Kwa hivo kabla hujamuendea mwenzako, ungama kwanza yako.

Na hapo tunarudi kwenye zile pesa ulizokwisha pokea, umezitaja kwa maneno mawili tu. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, kazi yake ilikuwa ina fungu la usimamizi kama hilo lenu, na Yesu alipoingia nyumbani kwake hakumhubiria kuhusu pesa hata neno moja lililoandikwa, alikuwa mgeni wake tu. Zakayo mwenyewe ndo alisimama akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kitu namrudishia mara nne (Luka 19:8). Torati ilimtaka aliyedhulumu akiungama arudishe chote na aongeze sehemu ya tano (Hesabu 5:7), yeye akapita mbali. Sikulazimishi mara nne, mshahara wako naukisia. Lakini kaa na kalamu uandike ulipokea kiasi gani, kwa makadirio ya kuumia wewe, usikadirie ya kukupendelea. Ziweke kwenye boksi siku ya kufunguliwa, mbele ya wahesabu, na useme ni za nini, sentensi moja inatosha na usimtaje mwenzako, yake atayasema mwenyewe akipenda. Kama umeshazitumia gawa mafungu, utoe kidogo kila mshahara, na iandikwe kwenye daftari lile lile mpaka iishe. Wapo ambao wameshaacha kazi hapo, huenda mwengine karudi zake Tanga, mwengine kaolewa Pemba, namba zao za simu zipo kwa wenzao, waulize uwatumie kwa simu, na ada ya kutumia ilipe wewe.